UZI: Istanbul siku nne na mtoto wa miezi 22. Nibebe kigari au leso (kanga) ya kumfunga mgongoni?

MamaZahra_Tudor

Assalam alaikum, na hamjambo nyote.

Mwezi wa nne inshallah naenda Istanbul, siku nne kamili ukitoa usiku wa kwenda na wa kurudi. Tuko watu wawili na nusu: mimi, mdogo wangu wa kike, na Zahra, ambaye siku hiyo atakuwa na miezi 22. Babake ana shifti bandarini, hawezi kutoka. Tiketi tuliipata kwa bei ya kuokota, mdogo wangu ana likizo ya wiki moja, nikasema ni sasa ama tusahau.

Zahra ni mtoto wa kutembea, si wa kukaa. Mfunge kwenye kigari, dakika kumi hazijaisha ashajipinda kama samaki mkunga aliyenaswa, mkanda uko huku yeye yuko kule. Mchana hulala saa saba mpaka saa tisa, na akiukosa usingizi huo hata jirani wa ghorofa ya tatu atajua. Anakula wali, pojo, ndizi na mahamri. Nyama anaitafuna, anaifyonza, kisha anakurudishia mkononi.

Nataka kujua: nibebe kigari au leso? Nikae mtaa gani? Na hiyo baridi ya mwezi wa nne ni baridi ya kweli ama ni kama ile ambayo watu wa Limuru hujisifu nayo? Mamangu ashaniambia nina wazimu, hilo msijisumbue kulirudia.

Nahodha_wa_Likoni

Mimi nalirudia. Miezi 22 atakumbuka nini? Mpandishe feri hapa Likoni, ya miguu bure, nenda rudi mara sita, na jioni atalala akijua ameona dunia.

MamaZahra_Tudor

Yakhe Nahodha, safari ni yangu mimi. Zahra ni mzigo wa mkononi.

Bi_Kizingo

Mwanangu, mimi nimelea saba, na wajukuu sasa ni kumi na mmoja. Istanbul nimefika, tulikaa siku mbili tukirudi Umra. Ule ni mji wa vilima, mawe na ngazi. Kigari ni cha barabara ya lami.

Chukua leso, na usichukue moja, chukua jozi nzima. Moja ya kumbeba. Ya pili utamtandikia, utajifunika ukimnyonyesha, utamfuta uso, utaifunga dirishani jua lisimwamshe. Kigari kina kazi moja tu na hata hiyo kwenye mawe hakiiwezi.

Au niachie mtoto mimi. Lakini najua hutaniachia.

BabaPacha_Bamburi

Bi mkubwa, shikamoo. Kwa heshima napinga. Mtoto wa miezi 22 ana kilo 11 au 12. Mbebe saa nne kwa vilima hivyo hivyo unavyovisema, usiku tukuletee mtu wa kukukanda. Mgongo wa mama si punda wa Lamu.

Kigari abebe, lakini kile chepesi kinachokunjika kama mwavuli, kisiwe yale makubwa yenye taa na redio. Utakisukuma mpaka mlango wa ndege, pale watakichukua. Uliza mapema kama utakipokea mlangoni mkishuka ama kitapita kwenye mkanda na mabegi, maana hiyo ndiyo tofauti ya kutoka uwanjani na akili zako ama bila.

Sisi na mapacha tulikwenda Dubai wakiwa na miaka miwili na nusu. Kwa kigari hakuna mji kama ule. Metro ina lifti kila stesheni, mtoto wa chini ya miaka mitano halipi, na kuna behewa la akina mama na watoto (mimi nilisimama behewa jengine kama mkimbizi). Kilichowafurahisha zaidi si ule mnara mrefu. Ni abra, vile vimashua vya kuvukia Khor, ule mkono wa bahari, dirhamu moja tu. Walilia tuliposhuka.

Kosa letu tulikwenda Agosti. Nyuzi zilipita 40. Mchana tumejifungia ndani ya maduka, tukitoka usiku kama popo. Kwa hiyo Aprili umechagua vizuri.

Shangazi_Kisauni

Kigari, leso, yote hayo madogo. Shida ni ndege. Mpe kijiko cha ile dawa ya mafua inayosinzisha, atalala mpaka huko. Wangu wote nimewasafirisha hivyo.

Muuguzi_Mvita

Shangazi, kwa hili hapana. Dawa hizo kwa mtoto wa chini ya miaka miwili zinaweza kumpunguzia pumzi, na kuna watoto zinawageukia: badala ya kulala, wanachachawa. Sasa uko angani saa nane ya usiku na mtoto amechachawa na hakuna mlango wa kutokea.

Mama Zahra, masikio huuma hasa ndege ikishuka. Ikianza kuteremka mpe titi, chupa, au hata ndizi, mradi awe anameza. Akiwa amelala fofofo muache. Maziwa na chakula cha mtoto havimo kwenye ile sheria ya mililita 100, lakini vitoe wewe mwenyewe mezani, usingoje watu wa ukaguzi wavichimbue.

Tazama kitabu chake cha kliniki. Surua ya pili hupigwa miezi 18 na wengi huisahau kwa sababu mtoto ashakuwa mkubwa na mama amechoka na foleni za kliniki.

Na moja zaidi. Istanbul ni mji wa paka, wamejaa kila kona na wanalishwa na kila mtu. Akiparurwa ama kung'atwa, na paka au mbwa, osha kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15 kamili, ukitazama saa, kisha hospitali siku hiyo hiyo. Usiseme "ni kamkwaruzo". Kichaa cha mbwa kikishaanza hakina dawa.

Shangazi_Kisauni

Basi sawa, daktari. Wangu wako hai lakini.

Muuguzi_Mvita

Alhamdulillahi. Na mimi si daktari 😄

Mpiga_Mihuri

Mnaongea usingizi na hamjaongea karatasi. Huyu mama anasafiri bila baba.

Pasipoti ya mtoto ni yake peke yake, siku hizi haandikwi tena ndani ya ya mama. Kama hana, nenda mapema, usiende afisi za uhamiaji pale Uhuru na Kazi wiki mbili kabla ya safari ukitegemea dua. Viza vilevile kila mtu na yake, hata anayenyonya. Beba cheti cha kuzaliwa. Beba barua ya ridhaa ya babake, iliyoapishwa mbele ya wakili, na nakala ya kitambulisho chake. Pengine hakuna atakayeiuliza. Lakini siku ikiulizwa na hunayo, utaitazama hiyo ndege ikiruka ukiwa umesimama chini.

Halafu tarehe ya kuzaliwa. Chini ya miaka miwili anapakatwa, nauli yake ni ndogo. Akitimiza miwili mkiwa huko, kurudi anahitaji kiti chake. Jirani yangu iliwakuta: walikwenda na mtoto mchanga wakarudi na abiria, na kiti hicho walikilipia pale kaunta kwa bei ya siku hiyo.

MamaZahra_Tudor

Anatimiza miwili mwezi wa sita, tumepona. Barua ya ridhaa sikuwa naijua kabisa. Babake Zahra, kama unasoma hapa, Jumatano usipange kitu.

MwanaTanga

Jirani zetu mna mambo. Mbona mwakimbilia baridini? Panda basi asubuhi, Lunga Lunga, Horohoro, mchana mko Tanga mnakula, jioni Dar. Siku nne za kutosha. Mtoto anakula wali ule ule. Ila msisahau kadi ya manjano: kwa anayetoka Kenya sindano ya homa ya manjano inatakiwa, na mtoto akishapita mwaka mmoja naye yumo.

MamaZahra_Tudor

Dar nakuja, dada, wallahi. Lakini safari hii nataka mahali ambapo nikizungumza na mdogo wangu kwenye tramu hakuna anayesikiliza.

Mtembezi_Kibokoni

Samahani nimechelewa, nimeuona uzi leo. Nilisoma Istanbul miaka minne, nimerudi nyumbani Kibokoni, na dadangu alinitembelea kule na mtoto wa mwaka na nusu. Nitaandika nilichokiona kwa yule mtoto, vitabu vya watalii utavisoma mwenyewe.

Kwanza jambo ambalo hakuna aliyelitaja: saa ya Istanbul ni saa ya Mombasa. Tangu 2016 Waturuki hawarudishi tena saa nyuma wakati wa baridi, wako sawa na sisi mwaka mzima. Usingizi wa Zahra wa saa saba utabaki saa saba. Huo ni utajiri. Watu wanaokwenda London au Kuala Lumpur siku mbili za kwanza mtoto yuko macho usiku wa manane anataka uji.

Pili, pa kukaa. Hapo ndipo safari yako itakapopona ama kufa, kuliko kigari na leso. Usidanganyike na picha za Galata. Nzuri, lakini ule mtaa umening'inia kilimani, kila ukitoka unashuka ngazi na kila ukirudi unazipanda. Kaa karibu na tramu ya T1, kati ya Sirkeci na Gülhane. Tramu hiyo sakafu yake iko sawa na jukwaa, hunyanyui kitu. Jioni watu wakitoka kazini hujaa mpaka mlangoni, wakati huo usiipande. Na kabla ya kulipa uliza kama nyumba ina lifti. Hoteli nyingi za kule ni nyumba za zamani, ngazi nyembamba za kuzunguka, chumba kiko juu kabisa kwa ajili ya "mandhari". Mandhari utayaona. Begi, mtoto na kigari utavipandisha.

Gülhane ni bustani iliyokuwa ya kasri ya Topkapı zamani, leo ni ya umma, haina kiingilio, na Aprili imejaa tulipu. Njia zake ni laini. Hapo Zahra atatembea mpaka achoke, na wewe uko dakika tano kutoka kitandani. Mji mzima hupati kitu cha maana kuliko hicho kwa mtoto wa umri huo.

Tatu, panga kitu kimoja kwa siku, asubuhi, kabla ya usingizi. Topkapı Jumanne imefungwa. Lile soko kubwa la kuezekwa, Kapalıçarşı, limefungwa Jumapili. Hagia Sophia tangu 2020 ni msikiti tena: anayekwenda kuswali huingia chini bila kulipa, na mtalii tangu mwanzo wa 2024 hupandishwa ghorofani kwa euro 25. Mstari wa watalii ni mrefu na hauna kivuli. Lile birika la chini ya ardhi la karne ya sita, la nguzo na maji, ni zuri lakini kuna giza, kuna unyevu, na Zahra ni wa kutembea. Liache.

Feri ya kutoka Eminönü kwenda Kadıköy usiikose. Dakika 20 umetoka Ulaya umeingia Asia. Nahodha wa Likoni, ile ina viti vya mbao na chai.

Baridi: asubuhi nyuzi 8 au 9, mchana 16, 17. Si ya kutisha. Adui ni upepo wa Bosporus, ule mlango wa bahari unaoukata mji. Mvishe nguo nyembamba nyingi, usimvishe jaketi moja nene, maana akitembea atatokwa jasho na akisimama jasho hilo linapoa.

Chakula, tafuta mercimek, supu ya dengu. Iko kila mkahawa, haina pilipili. Wali upo, maziwa ya mgando yapo, na simit, mkate wa duara wenye simsim, unauzwa barabarani kwenye vikokoteni.

Vyoo vina maji! Ninyi mliosafiri Ulaya mtaelewa kwa nini nimeweka alama ya mshangao.

Mwisho, jitayarishe: Waturuki wanapenda watoto kupita kiasi. Utakaa mkahawani, mhudumu atakuja amchukue Zahra aende naye jikoni akamwonyeshe wapishi. Bila kukuomba. Mara ya kwanza dadangu alipiga kelele.

Bi_Kizingo

Huyu kijana amelelewa. Vilima nilisema.

MamaZahra_Tudor

Mtembezi, Mungu akulipe. Nimebadilisha hoteli, nimepata karibu na Gülhane, lifti ipo, nimewapigia kuhakikisha. Kigari nitabeba na leso nitabeba. Nitawapa habari.

*(wiki tano baadaye)*

MamaZahra_Tudor

Tumerudi. Tuko wazima. Nilitaka kuandika siku ya pili tu lakini nguo zilikuwa hazijafuliwa.

Barua ya ridhaa iliulizwa. Si huko, ni hapa hapa kabla hatujatoka. Afisa aliisoma mpaka chini, akamtazama Zahra, akamuuliza "baba yuko wapi?" Zahra akamwambia "meli". Tukapitishwa. Mpiga Mihuri, soda yako iko.

Usiku wa kwenda alilala. Sikufanya chochote cha ajabu, ulikuwa usiku na alikuwa amechoka. Ndege ilipoanza kushuka nilimpa ndizi kama nilivyoambiwa, akala nusu, nusu nyengine akaitia ndani ya mfuko wa kiti cha mbele. Nawaombea radhi waliokaa pale baada yetu.

Sasa kigari. BabaPacha, niliuliza swali lako hasa, nikaambiwa nitakipokea mlangoni. Mlangoni hakikuwepo. Kilikuja kwenye mkanda, baada ya mabegi yote, dakika kama 50, na Zahra wakati huo amegundua kwamba mkanda unatembea. Uwanja wa ndege wa kule ni mkubwa, ukiambiwa "mbele kidogo" beba maji. Kisha basi mpaka mjini, kilomita 40 na zaidi.

Siku hiyo hiyo jioni, tukishuka kutoka uwanja wa Sultanahmet, pale kwenye Hagia Sophia, kuelekea hotelini, gurudumu dogo la mbele liliingia katikati ya mawe mawili. Nikasukuma. Mdogo wangu akasema ngoja. Nikasukuma tena. Likabaki pale kwenye mawe, sisi tukaendelea mbele na magurudumu matatu. Zahra alicheka mpaka akapaliwa. Siku tatu zilizobaki kigari kilikaa kule chumbani kimekunjwa, mdogo wangu akikitunza kana kwamba ni ushahidi.

Basi leso. Bi Kizingo, sina la kusema. Zahra kwenye kigari hupigana, lakini mgongoni hulegea kama unga. Saa saba ikifika nilikuwa namfunga popote tulipo, dakika kumi kalala, na mimi natembea zangu. Kwenye tramu nilipata kiti kila safari, wanasimama hata wazee, inabidi uwakataze. Mgongo uliniuma, BabaPacha, sitakudanganya. Usiku wa tatu nililala sakafuni.

Siku ya feri nitawasimulia vizuri. Tulipanda Eminönü asubuhi, tukakaa nje, nyuma, kwenye viti vya mbao kama alivyosema Mtembezi. Shakwe wanaifuata feri, watu wanawarushia vipande vya simit na wao wanavidaka hewani. Zahra alisimama juu ya mapaja yangu, kila shakwe akidaka anapiga kelele "tena!" Mwanamume mmoja mzima, amevaa suti, na begi la kazini, akawa anakata simit yake yote anarusha kwa sababu Zahra amesema tena, ingawa neno halijui. Alishuka Kadıköy bila kifungua kinywa.

Mwuza chai hupita na sinia, gilasi ndogo zisizo na mkono, chai inafuka. Hapo angalieni. Meza zao ni fupi na chai yao ni moto kweli, na mkono wa mtoto unafika. Nilimdaka Zahra mara mbili.

Kurudi, amelala mgongoni, mama mmoja mtu mzima alikuja akashika pindo la leso, akaniuliza kwa ishara nimefungaje. Nikasimama nikamwonyesha: hapa unapitisha chini ya kwapa, hapa juu ya titi, hapa unakaza. Akatoa mtandio wake mkubwa, akamwita mwenzake, wakajaribu na mkoba. Mkoba ukaanguka. Feri nzima inatutazama. Kisha akaonyesha maandishi ya leso, anataka kujua yanasema nini. Ilikuwa "Wema hauozi". Mdogo wangu akaandika kwenye simu itafsiri kwa Kituruki, akampa asome. Yule mama akasoma, akanyamaza, akacheka mpaka akafuta machozi, akaniingizia mkono mfukoni akaniwekea machungwa mawili. Mpaka leo hatujui simu ilimwambia nini.

Hagia Sophia sikuingia. Siku ya tatu tulifika saa tano na nusu, tumechelewa kwa sababu ya soksi (Zahra hajawahi kuvaa soksi maisha yake, kila ukimvisha ya pili ya kwanza ashaivua). Mstari ulikuwa umejipinda, jua la utosi. Nikahesabu: tukifika mlangoni itakuwa saa saba. Nikampa mdogo wangu pesa, nikamwambia nenda utanisimulia. Mimi na Zahra tukakaa pale uwanjani saa nzima, tunamtazama paka wa manjano akioga. Muuguzi, mkia aliuendea lakini paka alikuwa na adabu zaidi, aliondoka. Watu wananiuliza kama kweli nilikwenda Istanbul. Mdogo wangu ana picha 90 za huko ndani, aulizeni yeye.

Msikiti wa buluu, ule wa minara sita, tuliingia baada ya watu kuswali. Zulia lile lote, na mtoto wa miezi 22. Alikimbia kutoka ukuta mpaka ukuta. Nikaona aibu, namkimbilia, mlinzi akanizuia mimi. Akaniashiria muache.

Chakula: supu ya dengu aliikataa siku ya kwanza kabisa, alifunga mdomo. Nilikuwa nimebeba mahamri ishirini ya mamangu kwenye mkebe. Siku ya pili nikachovya hamri ndani ya ile supu bila kusema kitu. Akala. Akadai tena. Kwake yeye ile ni mbaazi iliyosagwa, na kusema kweli hajakosea sana. Mahamri yaliisha siku ya tatu, tukahamia simit.

Na maneno! Mtembezi hukutuambia. Bili wanaiita "hesap". Dakika ni "dakika", vilevile kabisa. Sabuni "sabun". Asubuhi ya kwanza mzee wa mlangoni hotelini, ndevu nyeupe, akamwambia mdogo wangu "Merhaba!" Mdogo wangu akasimama, akanigeukia: "Ameitikia, na mimi bado sijamwamkia." Kuanzia siku hiyo kila tukitoka anamtangulia, "Shikamoo babu", na babu kwa sauti kubwa, "Merhaba!" Siku nne, hakuna aliyejua mwenzake anasema nini, na heshima ilikuwa imetimia.

Kurudi ndiko kulikonikomesha. Alikosa usingizi wa mchana kwa kupanga mabegi, kosa langu. Alilia saa mbili mfululizo, mgongo umekakamaa, hataki titi, hataki leso, hataki mamake mdogo. Mtu wa mbele aligeuka mara nne. Mara ya tano nikamwambia kwa Kiswahili safi alichostahili, akageuka mbele akakaa. Kumbe ni mtu wa Malindi.

Nahodha_wa_Likoni

😂😂😂 Malindi! Haya, nakiri. Ile feri ya chai naitaka. Jumla mlitumia ngapi?

MamaZahra_Tudor

Siisemi hapa, babake Zahra yumo humu.

BabaZahra_

Nimo.

Mtembezi_Kibokoni

"Merhaba" nilikaa nayo miaka minne na sijawahi kuifikiria hivyo. Kesho nampigia mwenye nyumba wangu wa zamani nimwamkie.

Hukupewa ule ushanga wa buluu, wa kukinga jicho baya?

MamaZahra_Tudor

Tulipewa! Mama wa usafi alimbandika Zahra kwenye sweta siku ya kwanza, huku akisema "maşallah, maşallah". Nilisita, sikutaka kumvunja moyo.

Nahodha_wa_Likoni

Hiyo ni hirizi dada, itoe.

Bi_Kizingo

Umebandikwa kwa pini? Mtoto huyo hutia kila kitu mdomoni. Toa pini kwanza, mengine mtajadili.

MamaZahra_Tudor

Niliitoa hiyo hiyo jioni, bi mkubwa. Iko kwenye funguo za nyumba.

Shangazi_Kisauni

Na kile kigari kilikuwa cha aina gani? Binti yangu anajifungua mwezi wa saba, anatafuta.

MamaZahra_Tudor

Kipo, kizuri, chepesi, kinakunjika. Magurudumu matatu. La nne liko Sultanahmet, ukishuka mkono wa kushoto. Shilingi 1,500, njoo Tudor ukichukue.

Shangazi_Kisauni

Elfu moja.

MamaZahra_Tudor

Na leso haiuzwi. Elfu na mia mbili, shangazi, na nauli ya tuktuk ni yako.